Kumrudishia Vasco da Gama Ziara Yake: Mwongozo wa Mgeni wa Pwani Jijini Lisbon

Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga Mombasa bila mwaliko, bila viza na bila taarifa ya benki. Mfalme wa Mombasa akampelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Siku chache baadaye, Malindi, akapewa kondoo wengine, viungo vya kila aina na, kubwa kuliko yote, rubani wa kumvusha hadi India. Kushuka kumwamkia mwenyeji wake kwa heshima hakushuka. Alidai mfalme wake amemkataza kukanyaga nchi kavu. Wenzake waliokuja nyuma walikanyaga, wakajenga ngome, wakakaa karibu karne mbili bila mtu kuwapa jembe. Sasa adabu ya kwetu inajulikana: anayekutembelea nawe humtembelea. Deni hilo limekaa miaka mia tano na ushei, na mwongozo huu ni wa kukusaidia kulilipa.

Anza na viza. Watataka kujua utalala wapi kila usiku, nani analipa, una kiasi gani benki kwa miezi kadhaa iliyopita, na kama bima yako itafika euro 30,000 ukiugua. Ada ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Usimweleze karani dirishani kwamba babu zake hawakuulizwa lolote walipofika kwetu. Yeye amewekwa pale kukagua karatasi, na kondoo wa kukupa hana. Peleka kila hati uliyonayo, hata ya nikahi. Kwenye sababu ya safari andika “utalii”. Usiandike “kuangalia dhahabu yetu”, ingawa, kama utakavyoona, hilo nalo limo kwenye ratiba.

Ukishatua, jambo la kwanza ni viatu. Njia za miguu za Lisbon zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa, vyeupe na vyeusi, vilivyogongwa kimoja kimoja kwa nyundo mpaka vikatoa mawimbi, nyota na maua. Ni kazi ya sanaa. Ni mtego pia. Nyayo za watu zimevisugua vikang'aa, na manyunyu kidogo tu yakidondoka mji mzima unakuwa utelezi, tena utelezi wa mlimani, maana vilima vinasemekana ni saba lakini magoti yako yatahesabu zaidi. Kina mama wa Lisbon hushuka hapo na visigino, mkoba begani na simu sikioni. Wewe usijaribu. Vaa raba, shuka ubavuubavu, na ukihisi mguu unakukimbia, inama upesi uyapige picha mawe. Watu watadhani unapenda sanaa.

Ukichoka kupanda, utaona bajaji. Ndiyo, bajaji yenyewe, ya magurudumu matatu, imepakwa rangi na kutiwa maua ya plastiki. Hapa haikupeleki sokoni bali kwenye historia, kwa makumi ya euro kwa saa, na dereva huenda ana shahada. Mtu wa Dar es Salaam anaruhusiwa kucheka mpaka atakapotajiwa bei. Kupatana si vibaya, ila usianze kwa kumwambia kutoka Kariakoo hadi Posta ni shilingi ngapi.

Kila mwongozo mwingine utakuhimiza upande tramu namba 28. Fanya hivyo kama umezikumbuka sana daladala za saa kumi na moja jioni. Ni vibehewa vya manjano vya miaka ya 1930, mbao tupu ndani, vinavyojipenyeza kwenye vichochoro vya Graça na Alfama kwa ukaribu wa kumwezesha abiria kuanua nguo za mwenye nyumba. Foleni ya kituo cha Martim Moniz huanza asubuhi. Ukishapanda, utakuta sehemu moja ya abiria ni watalii, sehemu ya pili ni wachomoaji waliokuja kazini, na katikati yao bibi mmoja wa mtaa anayetaka tu kufika kwake na vitunguu vyake. Mpishe bibi akae. Kuhusu pochi yako, iweke mbele na uikumbatie. Safari inaishia Campo de Ourique, jirani kabisa na lango la makaburi ya Prazeres, jambo ambalo vipeperushi vya utalii havilikazii.

Ngome ya São Jorge inamtaka Mwislamu awe na subira kidogo. Afonso Henriques aliuteka mji huu kutoka kwa Waislamu mwaka 1147, akisaidiwa na Wapiganaji wa Msalaba waliokuwa njiani kwenda mashariki. Hata hivyo, ukuta unaouegemea kwa picha ulikarabatiwa na kujengwa upya kwa sehemu kubwa mwishoni mwa miaka ya 1930, serikali ya dikteta Salazar ilipotaka ukale wa kupendeza kwa sherehe zake za 1940. Tausi wanaotembea uani ni tausi wa kweli.

Lifti ya chuma ya Santa Justa, ya mwaka 1902, usiipangie foleni. Panda kwa miguu hadi Largo do Carmo, pita ubavuni mwa kanisa la watawa lililoko hapo, na utatokezea juu ya lifti, ukiwatazama chini waliosubiri kupandishwa. Kanisa lenyewe halina paa tangu asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko lilipoukuta mji ukiwa misani. Likafuata wimbi la bahari, kisha moto. Waziri Marquês de Pombal akausuka upya mtaa wa Baixa kwa barabara zilizonyooka na nyumba zenye fremu za mbao ndani ya kuta, na husimuliwa kwamba ili kuzipima fremu hizo, askari waliamriwa kuandamana kuzizunguka wakitwanga miguu. Mhandisi yeyote wa halmashauri anayesoma hapa anakaribishwa kuazima mbinu hiyo.

Lakini wewe umekuja kumrudishia mtu ziara, na mtu mwenyewe yuko Belém. Monasteri ya Jerónimos ilianzwa mwaka 1501, chini ya Mfalme Manuel wa Kwanza, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwenye ushuru wa asilimia tano hivi wa biashara ya Afrika na mashariki. Kwa hiyo ukiona nguzo imechongwa kamba za meli na majani ya nchi za mbali, sifu mkono wa fundi, kisha ukumbuke kuna pilipili manga ya mtu mle ndani. Ukiingia kanisani, kushoto kuna kaburi la Vasco da Gama: amelala chali juu ya jiwe, mikono ameikutanisha kifuani kwa sala, mpole kabisa.

Hapa hujitokeza swali la adabu. Je, apewe shikamoo? Kwa umri anastahili, alifariki mwaka 1524. Kwa mwenendo, wazee wa Mombasa wangetaka kikao kwanza, maana akiwa bandarini kwao aliwamwagia mateka wawili mafuta ya moto mwilini ili waseme kama mji unamtegea. Ushauri wangu ni “hujambo” ya kawaida, kwa sauti ya chini, na usisubiri kuitikiwa. Tena hakikisha unayemsalimia ni yeye. Mifupa iliyohamishiwa hapa kwa shangwe mwaka 1880 ilikuja kugundulika si yake, na mwaka 1898 ndipo ikaletwa iliyoaminika kuwa yenyewe. Kwa miaka kumi na minane watu walikuwa wakimpa heshima bwana mwingine, ambaye huenda hakuwahi kumkosea mtu. Upande wa kulia yuko mshairi Luís de Camões, aliyeichora Mombasa ya hila na Malindi ya ukarimu katika utenzi wake wa mwaka 1572. Wenyeji wa Malindi wanaweza kupiga picha hapo. Wa Mombasa wapite wakitazama dari.

Ng'ambo ya barabara, ukingoni mwa mto Tejo, umesimama mnara wa mawe wenye umbo la meli, mita 56 kwenda juu, wa kuwaenzi wanaoitwa wavumbuzi. Ulijengwa kwa muda mwaka 1940, kisha kwa zege na mawe mwaka 1960. Wamo watu 33, mwanamke mmoja tu. Sakafuni mbele yake imetandazwa dira kubwa ya marumaru yenye ramani ya dunia katikati, zawadi ya serikali ya makaburu wa Afrika Kusini. Hakika walijua wampe nani nini. Watoto hukimbia juu ya ramani hiyo wakirukaruka bara hadi bara. Nenda simama pwani ya Afrika Mashariki kwa dakika moja, wakupishe. Na kama kaburi halikukutosha, mji na viunga vyake vina daraja la Vasco da Gama, kituo cha maduka cha Vasco da Gama, mnara wa Vasco da Gama na nyumba ya samaki ya Vasco da Gama. Kumkwepa ndiyo kazi.

Baada ya makaburi, kula. Duka la Pastéis de Belém linauza vitobosha vyake vya kastadi tangu mwaka 1837, kwa mapishi yanayosemekana yalitoka kwa watawa wa jirani, monasteri zilipofungwa na serikali. Gamba lake ni la tabaka nyembamba zinazovunjika kwa sauti, ndani kiini cha yai na sukari, juu kumeungua madoa meusi. Chupa ya mdalasini iko mezani: tikisa bila kubania. Mkono wa mtu wa Pwani kwenye chupa ya mdalasini usihojiwe na mtu yeyote katika mji huu.

Sasa lile jambo ambalo hukuliandika kwenye fomu. Panda basi au tramu hadi mtaa wa Janelas Verdes, kwenye Museu Nacional de Arte Antiga. Watalii ni wachache, wengi wamebaki kwenye foleni ya vitobosha. Ulizia Custódia de Belém. Ni monstransi, kile chombo ambamo Wakatoliki huweka Ekaristi iabudiwe, ya dhahabu iliyotiwa rangi za kioo. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kuzunguka, na juu yao ananing'inia njiwa mdogo mweupe. Ilikamilika mwaka 1506, na fundi anayetajwa ni Gil Vicente. Maandishi yaliyozunguka tako lake yanaeleza bila kificho kwamba dhahabu ilitoka kwenye kodi ya Kilwa.

Kilwa yetu, ile ile ya Kisiwani. Mwaka 1502 da Gama alirudi safari ya pili na kundi la meli, akamwita Amiri Ibrahim, akamweleza faida za urafiki na mfalme wa Ureno huku mizinga ikitazama mji. Amiri akaona faida hizo upesi, akatoa mithkali 1,500 za dhahabu. Risiti nadhani hakupewa, maana Julai 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, alifika na meli zake akaiteka na kuipora Kilwa kana kwamba hakuna kilicholipwa.

Namna ya kujiendesha mbele ya kabati la kioo: usiliguse, litalia. Usihesabu kwa sauti. Mlinzi akikuona umesimama muda mrefu kuliko kawaida atakusogelea. Mwambie ni nzuri, na hutakuwa umesema uongo, ni nzuri kupita kiasi, na hapo ndipo penye maudhi. Watu wa pale wameitunza, lazima isemwe. Ukitoka, uliza kwenye dirisha la tiketi, kwa tabasamu, kama watu wa Kilwa wana punguzo. Ukijibiwa kwamba punguzo ni la wanafunzi na wazee, shukuru, nunua postikadi.

Jioni utakwenda mkahawani, na mhudumu, kabla hujafungua kinywa, ataleta mkate, zeituni, siagi na vijibini viwili. Moyo wa Mswahili utayeyuka: hawa nao wana ukarimu! Rudisha mkono. Kila ulichokigusa kitatokea kwenye bili, zeituni kwa zeituni. Ni halali yao, imeandikwa kwenye menyu kwa herufi ndogo. Usichokitaka kisukume pembeni na mwombe akiondoe, hakuna atakayekasirika. Chakula kikuu kitakuwa bacalhau, samaki wa bahari za baridi aliyekaushwa kwa chumvi huko kaskazini, na anayejua ng'onda hahitaji kuelezwa zaidi. Wareno hujigamba wana mapishi yake kwa kila siku ya mwaka. Siku ya tatu utawaamini, na utaanza kutafuta kitu kingine. Tazama ndani ya kabati la kioo la mgahawa wowote mdogo: zimo sambusa, za pembe tatu, zilizofika huku kupitia Goa na Msumbiji. Baridi kidogo, na pilipili imeonewa haya, lakini ni ndugu.

Kwa anayekunywa, Largo de São Domingos kuna kijiduka cha kusimama tu kinachouza ginjinha, pombe tamu ya cheri, tangu mwaka 1840. Utaulizwa kama unataka na tunda ndani au bila. Asiyekunywa asione haya kuagiza kahawa, watu hawakuchunguzi. Uwanja ule ule ni baraza la Waafrika wa Lisbon, hasa wa Guinea-Bissau, wazee kwa vijana, wakijadili siasa za kwao kwa sauti ya kwao. Ukipita, salimia. Mitaa ya karibu, kuelekea Rua Augusta, kuna wanaume watakaokunong'oneza wana bangi au kitu kikali zaidi. Mara nyingi ni jani la kutilia mchuzi lililosagwa na kushindiliwa, na ndiyo maana polisi hupata tabu kuwashtaki: sheria haijakataza kiungo. Ukiwa mweusi, zamu yako itafika pia ya kunong'onezewa na mtalii akiulizia bei. Mtajie ya mchuzi.

Fado ni muziki wa huzuni ya kulipia. Tangu UNESCO iitambue mwaka 2011, kila mlango wa Alfama una mtu aliyeshika menyu anayekuapia kwamba fado halisi iko kwake. Nenda Mouraria, mtaa wa mwimbaji Maria Severa, aliyefariki mwaka 1846 akiwa na miaka 26, jina lake likabaki ndani ya fado. Ndiko pia alikokulia mwimbaji Mariza, mzaliwa wa Lourenço Marques, Maputo ya leo. Tafuta mahali pa wapiga wawili, mmoja na gitaa la Kireno la nyuzi kumi na mbili, na mwimbaji anayefumba macho kabla hajafungua mdomo.

Mpenzi wa taarabu atapata shida. Kwetu beti likikugusa unainuka, unajongea kwa madaha hadi kwa mwimbaji, unamtunza, na kwa noti hiyo hiyo iliyopepewa hewani unamfikishia salamu jirani aliyekaa safu ya tatu. Hapa ukijaribu utatolewa nje, wewe na noti yako. Taa hupunguzwa, mhudumu husimama na trei pale pale alipokutwa, na kijiko kikigonga sahani utaangaliwa na ukumbi mzima. Tulia. Utatunza baadaye, ndani ya bili, ambayo ina kiwango cha chini cha matumizi. Maneno usipoyaelewa, jua tu kuna bahari, kuna mama, na kuna mabaharia walioondoka wasirudi. Usinyooshe mkono kuuliza walikuwa wamekwenda wapi.

Ukibahatika kuwapo usiku wa tarehe 12 Juni, achana na ratiba yote. Ni mkesha wa Mtakatifu Anthony. Alfama nzima inachoma sardini barabarani, moshi unaingia mpaka kwenye soksi, mitaa inashindana kwa gwaride la ngoma na mavazi kwenye Avenida da Liberdade. Vijana huwapa wapenzi wao kijungu cha mrihani wa majani madogo, uliochomekwa ua la karatasi na kishairi. Mrihani huo haunuswi kwa pua, huko ni kuudhi. Unaupapasa kwa kiganja, unakinusa kiganja. Sijapata kuona utaratibu mwingine Ulaya ambao bibi wa Lamu angeuelewa bila mkalimani.

Siku za kawaida, usiku wa Lisbon hauna haraka. Kula saa tatu. Saa tano panda Bairro Alto, ambako baa ni vichumba tu na wanywaji husimama barabarani na vikombe vya plastiki. Saa nane au tisa zinafungwa, na umati mzima unateremka Cais do Sodré, juu ya vile vijiwe, na hapo raba zako zitakulipa. Rua Nova do Carvalho, uliokuwa mtaa wa mabaharia na waliowangojea mabaharia, ulipakwa rangi ya waridi lami yote mwaka 2011. Aliyekulia karibu na Kilindini atautambua hata chini ya rangi. Kuna milango ya vilabu ambayo, ikiona ngozi yako, hutangaza ghafla kwamba leo ni shughuli ya watu binafsi, au kwamba kiingilio ni mamia ya euro. Usibishane saa hiyo. Nenda B.Leza, ukingoni mwa mto, penye bendi za Cape Verde na Angola na watu wa rika zote. Dansi ya kizomba itakuwa imeshika. Mchezaji wa chakacha ajizuie: kiuno kinahitajika, ila robo tu ya kile ulichokizoea, na mwenzako humjui jina. Kataa kwa upole ukitaka. Ukikubali, fumba mdomo na umfuate anayejua.

Treni za chini ya ardhi husimama saa saba usiku na kurudi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwa hiyo ondoka mapema au usiondoke kabisa. Wenye busara huchagua la pili. Ukifika hotelini kumekucha, oga, lakini kitandani usilale, hata kwa dakika tano: kifungua kinywa kinafungwa saa nne, kimeshalipiwa, na safari hii zeituni ni za bure.